Goti la Simeona

Simeona mtoto wa Malama hakuwa mtu wa kusimuliwa. Kijiji cha Lotoniu kilijaa vijana wa namna yake, wasio na cheo, kazi yao kukata kuni, kuchimba magimbi na kuwasha tanuri la mawe alfajiri ya Jumapili ili machifu wakitoka kanisani wakute chakula kimeiva. Kama vita vya kugombea ufalme visingezuka, angezeeka ananuka moshi na hakuna ambaye angeuliza habari zake.

Alijulikana kwa mambo mawili tu. Moja, alipika nguruwe vizuri kuliko watu wote wa pwani ile. La pili ni adabu iliyopita kiasi. Malama, mama yake, alikuwa akisema, "Mwanangu akikanyagwa, anaomba radhi yeye." Adabu hiyo nusura imponze. Risasi ilijaribu kwanza, ikashindwa.

Risasi ilimpata gotini, mguu wa kulia, porini nyuma ya mji wa Apia. Wenzake walikwisha vuka mto, yeye akabaki chali pembeni ya gogo. Wanawake wa Lotoniu walikuja nyuma ya wapiganaji na maji na madafu, na aliyewatangulia alikuwa Fetuao, binti wa chifu mkubwa Levaitoa. Fetuao ndiye aliyekuwa binti mkuu wa kijiji. Yeye ndiye aliyekoroga kava, kinywaji cha mizizi cha heshima, mbele ya wageni, yeye ndiye aliyecheza ngoma ya mwisho, na ndoa yake ilikuwa jambo la kijiji kizima, si lake. Nyumbani hakuwahi kuosha hata kijiko. Vita lakini havichagui, siku ile alibeba kibuyu kama wenzake.

"Umeumia?" akamuuliza.

"Kidogo tu, bibi. Samahani nimelala mbele yako."

Fetuao akaitazama damu iliyotapakaa kwenye majani. "Unaomba radhi kwa kulala?"

"Na miguu nimekuelekezea. Ningeigeuza, ila mmoja hausikii ninachouambia."

Risasi zinalia juu ya miti, na mtoto wa chifu akacheka. Akachana nguo yake ya magome, akalifunga lile goti, akawaita wanawake wengine wamkokote mpaka kivukoni. Simeona aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina, mpaka wakamwambia anyamaze.

Vita vilipokwisha akarudishwa nyumbani kwa machela ya mianzi. Hapo akaangukia mikononi mwa Shangazi Fuatino, dada mkubwa wa chifu. Kijiji kizima kilimwita shangazi, hata waliomzidi umri. Levaitoa aliogopwa na wilaya nzima, lakini Levaitoa alimwogopa Fuatino, kwa sababu dada akimlaani kaka yake kwetu hakuna dawa. Mbali na ukubwa huo, Fuatino alikuwa mkandaji. Alikanda migongo, mimba zilizokaa vibaya, na mishipa ya wazee. Alijivuna kwamba hakuna kiungo kilichowahi kumshinda, na hakuna aliyethubutu kuhesabu vilivyomshinda.

Kila asubuhi alikuja kwa Malama na mafuta ya nazi, na mshika kifuu cha mafuta alikuwa Fetuao.

"Kunja," shangazi alisema, akisukuma kwa nguvu zote.

"Nakunja, shangazi."

"Hujakunja."

"Basi nitakuwa nimekunja kwa ndani."

Fetuao aligeuka akatazama bahari, mabega yakimtikisika.

Ikawa hivyo msimu mzima. Maumivu yakaisha, kidonda kikafunga, lakini goti likabaki limenyooka kama mpini wa shoka. Shangazi alipotoka kwenda kumgombeza Malama kuhusu kuku wake, wale wawili walizungumza. Fetuao alipenda kuuliza habari za jikoni, maana kwake jikoni palikuwa nchi ya kigeni.

"Mawe ya tanuri unajuaje yamepata moto?"

"Yanakuwa meupe, bibi."

"Na mtu je, unajuaje?"

Simeona akafikiri. "Huyo hana rangi. Unamjua ukishaungua."

Malama, aliyekuwa anasikia kila neno kwa kuwa nyumba zetu hazina kuta, alimwambia baadaye: "Wewe mtoto, ule ni mkeka wa machifu unaochezea. Ukiuchafua, sina sabuni ya kuufua."

Siku moja shangazi akalipiga goti kofi, akanyanyuka, akatangaza kisimani mbele ya wanawake wote: "Nimemaliza. Kijana amepona. Goti linakunjika kama la mtoto mchanga." Labda aliamini. Labda alichoka. Kwa vyovyote, maneno ya dada wa chifu hayarudi nyuma, na kufika jioni kijiji kizima kilijua kwamba Fuatino ameshinda risasi ya Wazungu.

Nani angesimama aseme si kweli? Simeona? Yeye alianza kuishi kwa ujanja. Kwetu watu huketi chini, wamekunja miguu, na kumnyooshea mtu unyayo ni kumtukana, sembuse chifu. Basi kanisani alijitolea kugonga gogo la kuita watu, apate sababu ya kukaa nje. Kwenye chakula alijitia ana shughuli na tanuri, akala amesimama. Kwenye mikutano ya vijana alisema anachunga mitumbwi isichukuliwe na maji. Watu wakamsifu kwa bidii.

Fetuao tu ndiye aliyejua. "Mwambie shangazi," alisema.

"Nimwambie mikono yake imeshindwa? Baada ya kisima kizima kusikia?"

"Basi nitamwambia mimi."

"Ukimwambia hatakuruhusu hata kupita mbele ya nyumba yetu. Neno lake ndilo litakalokuoza, bibi. Si la baba yako. Hilo unalijua."

Alilijua. Shangazi upande wa baba akikataa ndoa, imekatazwa. Vijana wengine wakinyimwa msichana walitoroka naye porini magharibi, wakarudi wana mtoto, na wazazi wakakosa la kusema. Fetuao alimtania na hilo pia. "Tutoroke."

"Kwa mguu huu? Baba yako atatukuta hatujafika kisimani, na atakuwa amekuja kwa kutembea, anapunga upepo."

Kisha habari zikaja kwamba mtoto wa chifu wa wilaya ya jirani ananenepesha nguruwe, na mama zake wanasuka mikeka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni kwa ajili ya nani. Simeona akaenda kwa mjomba wake Vaipou, mwenye kacheo kadogo ka ukoo wao.

"Nataka unipeleke kwa Levaitoa na chakula."

Mjomba akaacha kutafuna. "Risasi ilikupata gotini au kichwani?"

"Gotini, mjomba."

"Nauliza kwa sababu dalili ziko juu."

Lakini Vaipou alimpenda mpwa wake, na moyoni alitaka kuona sura ya kijiji kikishangaa. Desturi ni kwamba mwanaume anayetaka mke hupeleka chakula kwao. Wakikila, wamekubali. Wasipokigusa, chukua vikapu vyako nenda zako. Simeona akapika kama hajawahi kupika: nguruwe mzima, magimbi, shelisheli, majani ya magimbi yaliyofungwa na tui mpaka yanalainika kama siagi, na samaki aliovua binamu zake. Alipopita na vikapu, harufu ilitangulia, na wazee waliokuwa wamelala mchana wakaamka.

Alikuwa na mpango wake. Atakaa nyuma kabisa, ukingoni mwa paa, nyuma ya mgongo wa mjomba, mguu ameutoa nje kuelekea ua. Hakuna atakayeona. Mjomba aseme maneno, yeye ainamishe kichwa, basi.

Machifu walikuwa wameketi kila mmoja kwenye nguzo yake. Nguzo za nyumba kubwa zina wenyewe, huegemei usiyopewa. Vaipou akaketi. Simeona akawa anateremka taratibu nyuma yake, mkono mmoja chini, na hapo Shangazi Fuatino, aliyekaa upande wa heshima na uso umemng'aa, akasema kwa sauti:

"Msimfiche huko. Mleteni katikati akae, watu waone goti."

Alitaka sifa yake, ndiyo hivyo. Vijana wawili wakamwinua Simeona wakamsogeza mbele, wakamwacha. Akabaki amesimama peke yake, machifu wote wako chini ya kifua chake. Fetuao, nyuma ya bakuli la kava, akafumba macho.

Akiketi, unyayo utamtazama Levaitoa usoni, na kila mtu ataona kwamba Fuatino alisema uongo. Asipoketi, anasimama juu ya vichwa vya wakubwa. Akayumba. Mkono ukatafuta kitu, ukakipata, na kitu chenyewe kikawa nguzo ya chifu.

Msemaji wa chifu akaupeleka usinga wake begani, akauteremsha. "Kijana amesimama juu yetu," alisema polepole, "na nguzo amekwisha jichagulia."

"Keti," akasema Levaitoa.

Simeona akaiachia nguzo kana kwamba imemchoma. Hakuketi.

"Huwezi au hutaki?"

Akamtazama shangazi. Fuatino alikuwa bado anatabasamu, anangoja. Simeona akainamisha kichwa, akanyamaza. Na kunyamaza mbele ya chifu anayekuuliza nako ni jibu.

Vikapu vilimwagwa nje. Nguruwe wa kijiji wakaja wakamla ndugu yao bila aibu. Kabla jua halijazama machifu walikuwa wamekata shauri: vita vimempa kijana kiburi, aondoke Lotoniu yeye na mama yake, waende wanakojua, na wasionekane baada ya Jumapili.

"Kwa nini hukusema?" mama yake alimuuliza.

"Yule mama amenikanda msimu mzima kwa mikono yake. Nimvue nguo mbele ya watu?"

"Kwa hiyo tumevuliwa sisi."

"Samahani, mama."

"Usiniombe radhi. Nimechoka na radhi zako. Radhi ya kweli iko moja, na iko uani kwa Levaitoa."

Ilikuwa kweli. Kwetu mtu aliyemkosea mkubwa kosa zito huenda kukipambazuka, akaketi uani kwa yule aliyemkosea, amejifunika mkeka wa thamani gubigubi, na ndugu zake chini ya mkeka huo huo pamoja naye. Mwenye nyumba akitaka hutoka akaufunua, na kosa limekwisha. Asipotaka, mtakaa hapo mpaka mkauke. Zamani wengine walitoka na rungu.

Malama alikuwa na mkeka mmoja tu mzuri, wa mama yake, laini kama kitambaa, na mdogo. Kulipopambazuka wote watatu wakaenda, yeye, Simeona na Vaipou. Wakashuka chini, wakajifunika. Mguu ukabaki nje. Ulitokeza kwenye ncha ya mkeka, umenyooka, na unyayo ukaielekea moja kwa moja nyumba ya chifu.

"Vuta mguu," Malama alinong'ona.

"Ungevutika tungekuwa hapa?"

"Basi geuka."

"Nikigeuka mjomba atabaki nje."

"Mimi nimeshabanwa," alisema Vaipou. "Mtu asigeuke."

Kijiji kikaamka. Watoto waliona kwanza, kisha wanawake, na kicheko kikaanza upande wa kisima kikaja mpaka uani. Levaitoa alikuwa anakunywa kakao yake. Akautazama ule unyayo, akaweka kikombe chini.

"Amekuja kuniomba radhi na unyayo?"

Msemaji wake akasema labda ni desturi mpya waliyojifunza vitani. Chifu akawapa mgongo. Jua likapanda. Chini ya mkeka kulikuwa kama ndani ya tanuri, na Simeona alijua habari za tanuri. Alijua pia kwamba baba huyu hatatoka, na kwamba kufika Jumapili atakuwa amepakia mikeka ya mama yake kwenye mtumbwi, na wale nguruwe wa wilaya ya jirani watakuwa wamenenepa vya kutosha.

Ndipo Fetuao aliponyanyuka. Hakumwambia mtu. Alichukua mkeka wake mwenyewe kutoka kwenye kamba, akakata ua katikati, wanawake wote wakaacha kuteka maji. Akautandaza mkeka juu ya ule mguu, akaufunika mpaka kidole gumba. Wengi walidhani amefanya huruma tu na sasa atarudi. Hakurudi. Akainama, akanyanyua pindo, akaingia chini.

"Sogea," alisema.

"Bibi, hapa si mahali pako."

"Hapa ni giza tupu, bibi simwoni. Sogea."

"Karibu, mwanangu," alisema Malama. "Usilalie goti tu."

Chini ya mkeka ule hukaa ndugu wa mkosaji, si mtu mwingine. Fetuao hakuwa ametamka neno kwa baba yake, wala halikuhitajika. Kijiji kizima kilikwisha elewa yeye ni wa nani. Na Levaitoa sasa alikuwa na kazi ngumu zaidi, maana aliyekuwa anamwacha akauke juani kama mkosaji ni mtoto wake mwenyewe.

Aliyetoka kwanza ni Shangazi Fuatino. Alikuwa amekaa anautazama ule mguu tangu kupambazuka, na kama kuna mtu aliyeujua mguu ule ni yeye. Akasimama mbele ya mkeka.

"Simeona. Kunja mguu."

"Haukunjiki, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu vita."

"Na mimi niliposema umepona?"

"Mikono yako ilinitoa maumivu, shangazi. Hilo ni kweli. Kukunja ni jambo la pembeni."

Fuatino alikuwa mwanamke mwenye makuu, lakini hakuwa na roho ndogo. Uso ulimwiva, akavuta pumzi, akageukia nyumba ya kaka yake akasema ili hata wa kisimani wasikie.

"Levaitoa, mguu huu haujapona. Nilisema umepona, haujapona. Jana kijana huyu alinyamaza mbele yako ili nisiaibike mimi, na wewe umemfukuza kwa kuniheshimu. Sasa utoke uje ufunue mkeka huu, au nitaingia chini yake na mimi, tukae wote watano hapa mchana kutwa na wewe unywe kakao yako."

Msemaji wa chifu akainua usinga. "Lakini, mama, binti mkuu wa kijiji, kwa mtu asiye na cheo, na kilema..."

"Mimi nilipewa mwenye cheo na miguu miwili mizima. Yote miwili ilimpeleka visiwani Tonga, na mpaka leo inatembea huko. Usinifundishe miguu."

Msemaji akateremsha usinga. Levaitoa akatoka. Alikuja polepole, akitunza heshima yake, akashika ncha ya mkeka akaufunua. Simeona alikuwa analowa jasho, kichwa kimeinama. Fetuao nywele zimemtimka, ameushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota mali yake. Malama alikuwa analia. Vaipou alikuwa amelala usingizi.

"Kosa limekwisha," alisema chifu. Kisha, kwa kuwa naye ni binadamu, akaongeza, "Chakula cha jana kilinukia vizuri. Sikukionja."

"Nitapika kingine, bwana mkubwa."

"Upike."

Alipika. Safari hii akaketi nyuma, mguu umefunikwa mkeka, na hakuna aliyemwita katikati. Shangazi Fuatino ndiye aliyeanza kula. Akachukua paja la nguruwe kwa mkono wake mwenyewe, akatafuna, na hapo wengine wote wakajua wanaruhusiwa. Mtoto wa chifu wa wilaya ya jirani aliambiwa awale nguruwe wake mwenyewe, kwa maneno mazuri zaidi ya hayo.

Mwanaume anayehamia kwa ukoo wa mkewe kwetu hana ukubwa. Yeye ndiye anayepika, anayebeba, anayeitwa wa kwanza na kuhudumiwa wa mwisho. Watu walimhurumia Simeona kwa hilo, wakapoteza huruma yao bure. Alikuwa akipika tangu zamani, na sasa alipika karibu na Fetuao, ambaye alikwisha acha kukoroga kava za wageni na kujifunza kukuna nazi. Mara ya kwanza alijikuna vidole na mara ya pili alimkuna mumewe. Walipata watoto, wote wenye sauti ya shangazi.

Fuatino hakuacha kumkanda mpaka uzee ulipomfunga mikono. Wageni wakija aliwaonyesha lile goti na kuwaambia kwamba kama angepewa msimu mmoja zaidi lingekunjika. Simeona alitikisa kichwa kukubali, amenyoosha mguu wake chini ya mkeka, watoto wawili wameukalia kama benchi.

"Lilikuwa limebaki kidogo sana, shangazi," alisema, akamsogezea samaki.